Taa Kwenye Dirisha la Carama

Dada Neema mpenzi,

Mzima wewe? Kabla hujageuza kadi utazame picha, futa mikono yako.

Tangu vikwazo vya biashara vianze, karatasi nyeupe hapa Bujumbura ni ya kutafuta kwa tochi. Bila hiyo rangi zangu za maji hazina kazi, maana mwanga wake ndio ule weupe wa karatasi chini yake. Nilinuna siku nzima. Mwenyeji wangu wa mtaa wa Jabe, Mama Imelda, mwalimu wa kuchora, akanikatia boksi la sabuni, akanipa na gwashi, rangi nzito inayofunika hata boksi.

Akaniomba nimchoree nyumba yake ya zamani ya mtaa wa Carama, iliyochomwa moto, yeye akinielekeza. Nilipomaliza akatikisa kichwa. "Apana. We umesahau taa ku dirisha. Mi nilikuwa nawasha kila magaribi, bwana yangu aone nyumba."

Kwa rangi za maji ningeanza upya, maana giza likishakaa halitoki. Kwa gwashi niliweka tone la njano juu ya weusi wa dirisha, likawaka. Mama Imelda akaitazama picha mpaka ikakauka.

Nikampa. Akakataa. "Utumie dada yako Kigoma. Kule hakuna mutu ya kuichoma."

Wabusu watoto, ila wasiishike na mikono yenye maji: gwashi hata ikauke vipi, maji huing'oa. Ndiyo nyumba pekee ya kwake aliyobaki nayo Mama Imelda, na amekupa wewe.

Mdogo wako,
Ester