Vumbi la Magadi Ndani ya Pampu

Jumanne, 9 Februari 1954

Lori limeleta madrumu mengine. Tumeyaviringisha mimi na Njoroge mpaka stoo, mkono wa kulia sasa hauinuki. Yenye alama nyeupe ni petroli ya ndege ndogo. Yenye alama nyekundu ni ya jeti. Ni mafuta ya taa tu, kama ya koroboi, ila yamesafishwa zaidi. Njoroge alipoambiwa mara ya kwanza alicheka. Makelele yote yale, kwa mafuta ya taa.

Jeti haijawahi kutua kwenye kiwanja chetu. Mafuta yake yanawekwa kwa dharura.

Ziwa limekauka karibu lote. Mchana upepo unainua magadi na Nakuru nzima inakuwa nyeupe. Macho yanawasha. Chai ina ladha ya chumvi.

Njoroge amesimamishwa na askari mara mbili njiani kuonyesha kipande cha utambulisho. Tulikuwa tunatembea pamoja. Mimi sikuulizwa. Yeye ni Mkikuyu, mimi ni Mluhya.

Alhamisi, 11 Februari

Siku mbaya.

Jeti ilikuja baada ya chakula cha mchana. Rubani alipotea njia, mafuta yakawa yanakwisha. Mwanamume mwembamba, nywele nyekundu, midomo imemkauka. Tulimjazia kwa pampu ya mkono, mimi nikipampu, Njoroge akishika paipu na kitambaa cha kuchujia. Upepo ulikuwa mkali. Njoroge aliomba tungoje utulie. Rubani alitazama jua, akatikisa kichwa, akampa sigara. Njoroge akaiweka nyuma ya sikio.

Ikaruka vizuri. Ilipofika juu ya ziwa mlio ukabadilika. Haikulipuka. Haikutoa moshi. Ilipoteza sauti tu, kama mtu anayeshuka ngazi akiongea. Ikateremka, ikagusa ziwa kavu, ikateleza, ikavunjika mkia. Wingu jeupe likaifunika.

Tulikimbia. Njoroge alifika kwanza. Alipanda juu ya bawa na mafuta yanamwagika, akakata mikanda kwa kisu, akamtoa yule mtu na kumbeba mgongoni mpaka kwenye Landrova. Mtu alikuwa akipumua. Damu yake ilikuwa kwenye shati la Njoroge mpaka kiunoni.

Siwezi kula.

Ijumaa, 12 Februari

Wamemchukua Njoroge. Kabla ya saa nne asubuhi. Inspekta mmoja na askari watatu. Wanasema alitia kitu kwenye mafuta.

Hakupigana. Alisema tu, "Lakini nilimtoa mimi."

Mkewe, Mama Kamau, ana mimba kubwa. Nilimkuta kwetu Bondeni, vyumba vyetu vinapakana, amesimama mlangoni, tayari alikuwa ameshaambiwa. Hakulia. Aliniuliza kama bwanake amevaa viatu. Nikasema ndiyo. Sikumbuki.

Jumapili, 14 Februari

Rubani amekufa hospitalini jana. Ilitangazwa kanisani, tukasimama kumwombea. Niliomba kweli. Halafu nikaelewa maana yake kwa Njoroge. Juzi ilikuwa hujuma. Leo ni kuua. Kwa neno hilo, mwaka huu wa hali ya hatari, mtu wa kabila lake hangoji sana kitanzi.

Jumatatu, 15 Februari

Nimeitwa. Inspekta ni kijana, Kiswahili chake kizuri kuliko nilivyodhani. Alinipa kiti. Hilo liliniogopesha zaidi.

"Ulikwenda choo, Zakayo. Yeye akabaki na drumu peke yake."

"Sikwenda, Afande. Mkono wangu ulikuwa kwenye pampu mwanzo mpaka mwisho."

"Fikiri tena. Una watoto?"

"Wawili, Afande. Wako Maragoli."

"Basi fikiri kwa ajili yao."

Nikafikiri. Nikasema tena sikwenda. Aliniambia nitoke, lakini nisiondoke mjini.

Ninajua kwa nini si mimi niliye ndani. Mafuta yaleyale, pampu ileile, mikono minne. Ninaona aibu, na ninafurahi, na kufurahi huko ndiko kunakonitia aibu.

Jumatano, 17 Februari

Amekuja injinia kutoka Nairobi, Bwana Tolley. Mzee, kimya, masikio yake hayasikii vizuri. Injini imeletwa kwa lori mpaka stoo yetu. Alitaka mtu wa kuosha vyuma. Msimamizi akanitoa mimi, kwa sababu hakubaki mwingine.

Anaongea anapofanya kazi. Nadhani anajiongelesha, lakini kwa Kiswahili cha jikoni ili nami nisikie. Nikimwuliza anajibu kwa kelele.

Nilidhani ule mkono wa chuma anaosukuma rubani unafungua mafuta kama bomba la maji. Sivyo. Ndani ya pampu kuna pistoni ndogo saba, zimekaa duara kama risasi kwenye bastola. Zinazungushwa na injini. Mbele ya hizo pistoni kuna sahani. Sahani ikisimama wima, pistoni zinazunguka bure, hazisukumi kitu. Ikilala mshazari, kila pistoni inaingia na kutoka, na mafuta yanakwenda motoni. Ikilala zaidi, mafuta zaidi. Kazi yote ni kuilaza au kuisimamisha hiyo sahani.

Inayoilaza ni pistoni nyingine, pembeni, inayosukumwa na springi pamoja na mafuta yaleyale. Na mafuta hayo yana tundu la kutokea, dogo kuliko tundu la sindano. Juu ya tundu kuna kivali, yaani kifuniko kidogo, nusu ya gololi ya chuma. Kikifunga, pistoni inabaki na nguvu. Kikiachia, nguvu inavuja na sahani inarudi kusimama.

Nikauliza nani anafungua kivali. Akanionyesha kikopo cha bati jembamba, hakina hewa ndani. Ndege ikipanda, hewa ya nje inapungua, kikopo kinavimba na kuinua kivali kidogo, mafuta yanapungua. Yasipopunguzwa injini inajiunguza, maana huko juu hewa ni chache. Hata hapa Nakuru ni chache kuliko Mombasa. Kwa hiyo kikopo kinafanya kazi tangu ndege ikiwa chini.

Rubani anaomba tu. Vitu hivi vidogo ndivyo vinavyoamua.

Nimeosha pampu yote kwa brashi. Pistoni zote nzima. Hakuna mchanga wala sukari. Inspekta alikuwa akitarajia sukari iliyotiwa makusudi kuharibu injini. Alikuja mara mbili kutazama.

Alhamisi, 18 Februari

Tumekipata.

Bwana Tolley alifungua kasha la kikopo mwenyewe, hakuniruhusu kugusa. Aliweka kioo cha kukuzia jichoni, akakaa hivyo mpaka nikadhani amelala. Kisha akanisogezea kioo. Chini ya ile nusu ya gololi palikuwa na chembe nyeupe. Moja. Imebanwa mpaka imeacha alama kwenye chuma. Kivali hakikuweza kufunga. Nguvu ikavuja, sahani ikasimama, injini ikabaki inanguruma chinichini haina nguvu ya kubeba ndege. Rubani alisukuma ule mkono wa chuma mpaka mwisho, bila shaka. Mkono hauna la kufanya hapo.

Mtu amekufa kwa kitu ambacho nisingekihisi kwenye jicho langu.

Alitaka siki. Hatuna siki. Nilikimbia hotelini kwa Mama Atieno nikaleta limau. Alikusanya unga mweupe uliobaki kwenye chujio la ndege, akakamulia tone. Ukatoa povu.

"Soda," akasema, maana yake magadi. "Ya lile ziwa. Sukari haitoi povu."

Nilimwambia upepo ulikuwa mkali siku ile na Njoroge alitaka tungoje. Alinitazama. Akasema vumbi la upepo linaingia viwanja vyote vya nchi hii, ndiyo maana ndege ina chujio lake. Akaligeuza chujio. Limepasuka kwenye mshono. Si kwa kuanguka. Kingo za mpasuko zimeshakuwa nyeusi, ni wa zamani. Aliyelifunga hivyo hakulifungia hapa.

Nilitaka kuimba. Nikaenda Bondeni mbio kumwambia Mama Kamau. Alikaa chini kwenye sakafu, akashika tumbo, akacheka kidogo. Mara ya kwanza tangu siku ile.

Jumamosi, 20 Februari

Inspekta alikuja. Bwana Tolley alimweleza kila kitu, polepole, vyuma vikiwa mezani. Mimi nilisimama kando na kitambaa mkononi. Inspekta alisikiliza vizuri. Aliuliza maswali ya akili. Alikubali.

Kisha akasema Njoroge alishasafirishwa Alhamisi.

Bwana Tolley hakusikia, akamwomba arudie. Akarudia. Amepelekwa kambi ya kizuizini pamoja na wengine wa kabila lake mjini. Hatashtakiwa kwa ndege. Hilo limekwisha. Lakini orodha ya kambini si ya ndege, ni ya kabila, na aliyeingia hatolewi kwa sababu ya chujio.

"He pulled the man out," akasema Bwana Tolley. Hicho Kiingereza nilikielewa: Njoroge ndiye aliyemtoa yule mtu.

Inspekta akasema anajua, na kwamba ni jambo la kusikitisha. Akavaa kofia.

Bwana Tolley alifunga vyuma vyake kwenye sanduku. Aliponiaga alinipa mkono, mbele ya msimamizi. Haikunisaidia kitu. Nina hasira mpaka meno yanauma. Ukweli tuliupata. Tuliushika kwa koleo. Na haukufungua hata mlango mmoja.

Ijumaa, 26 Februari

Wamemwondoa Mama Kamau. Lori lilijaa wanawake, watoto, masufuria, kuku. Wanarudishwa rizavu, eneo lililotengewa kabila lao, Kiambu, ambako yeye hajawahi kuishi. Amezaliwa kwenye shamba la mzungu huko Njoro.

Nilimbebea godoro. Askari alinizuia, nikamwambia ni dada yangu. Alinicheka, lakini akaniacha. Nilimpandisha mtoto wake Kamau, nikampa mkate. Mama Kamau aliniambia, akiniita kwa jina la binti yangu, "Baba Rebeka, akirudi utamwambia tulikokwenda." Nikaahidi. Sijui jina la kijiji. Naye hakulijua.

Lori lilipoondoka niligundua sikumwuliza mtoto atakayezaliwa aitwe nani, kama Njoroge alikuwa ameshasema.

Jumamosi, 10 Aprili

Mvua tangu asubuhi. Hakuna ndege. Tumekaa stoo, msimamizi amesinzia.

Watu wanasema ziwa limeanza kushika maji upande wa Njoro. Sijaenda kuona.

Chumba kinachopakana na changu kimepata mpangaji mpya, karani wa reli kutoka Kisumu. Mtu wa heshima. Alikuja jioni kunisalimu, amebeba ndizi. Tulikula. Aliuliza ni nani aliyekaa pale kabla yake, maana ukuta una rafu nzuri za mbao, kazi ya mtu mwenye mikono.

Nikamwambia ni Njoroge, tulifanya kazi ya mafuta pamoja.

Akauliza alihamia wapi.

Nikasema sijui. Akamenya ndizi nyingine akanipa nusu.