Tunda la Kumzika Elsie

Kombewa,
Jumapili jioni

Dada yangu Beldina,

Salamu nyingi kutoka huku kwetu. Natumaini wewe na watoto hapo Port Victoria mko salama, na ule mguu umeacha kukusumbua. Mimi ni mzima kabisa. Juzi nilibeba gunia la mahindi begani kutoka sokoni mpaka nyumbani, pikipiki zikinipisha.

Unajua tangu mashua ipinduke na mke wangu Elsie apotee ziwani bila mwili kupatikana, wazee wanataka tuzike yago mahali pake, lile tunda la mwegea, ndiyo matanga yaishe. Nilikataa, na nilikataa kwa sayansi.

Sheryl, binti wa marehemu Aloo jirani yetu, siku hizi anafundisha fizikia chuo kikuu. Alikuwa na mkutano wa wazi kule Milimani, akieleza kama fizikia inaweza kusema ufahamu wa mtu unatoka wapi. Alisema kuna chembe ndogo kuliko vumbi ambayo, kabla haijapimwa, huwezi kusema iko hapa au pale. Wataalamu wengine wanadhani ufahamu unatokana na chembe kama hizo ndani ya ubongo, wengine wanawacheka. Dada, niliinuka. Shule niliiacha darasa la saba, lakini yenyewe haikuniacha. Ukumbi mzima uligeuka kunitazama, hata feni. Nikamwuliza: kama mwili uko chini ya maji, kile kilichokuwa kinajua jina langu kiko wapi? Makofi yalipigwa mpaka askari wa getini akaja kuangalia kuna nini. Sheryl akasema hajui, na hajaona anayejua.

Nikawaambia wazee kwamba Elsie hajaonekana, kwa hivyo kisayansi bado si marehemu. Mzee Nicodemus akanijibu nisimletee mambo ya stima kaburini. Lakini msimu mzima wa mvua hawakunigusa tena.

Ila siku ile Sheryl alinifuata mlangoni, akanishika mkono, akasema polepole kwamba hayo ni ya vitu vidogo mno, si ya mtu. Sehemu hiyo sikuipeleka nyumbani.

Sasa nikuambie jambo ambalo hakuna anayelijua. Nicodemus alileta yago mapema, akaliacha kwangu lingoje siku. Nililiweka jikoni, baadaye kwenye kiti cha Elsie. Nikitoka shambani nalisalimia. Naliambia hadithi zangu zote, hata zile za kweli. Najua ni tunda, dada. Ndani yake hakuna kinachojua jina langu. Lakini ndilo linaloketi nami.

Nimekubali tulizike Jumamosi. Shida ni kulitoa. Jana nililibeba mpaka mlangoni, nikalirudisha kitini. Tafadhali njoo Ijumaa, ulitoe wewe. Mimi nitakuwa nje na wanaume, nikiongea kwa sauti kubwa.

Wasalimie watoto, waambie mjomba wao alimfundisha profesa. Mungu akulinde njiani.

Ni mimi ndugu yako,
Oduor