Mzee Aliyeniita Babu

Columbus, Ohio

Mama yangu mpenzi,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. Magoti yanaendeleaje, na baridi ya huko milimani imepungua? Mimi ni mzima wa mwili, ila moyo una hasira, na hasira hii naitaka.

Unamkumbuka yule mzee Mholanzi ninayemhudumia Westerville, aliyezaliwa kisiwa cha Java, huko Asia, kwenye shamba la miwa la baba yake? Nilikuambia kwenye simu kwamba ananiita "babu". Tulicheka sana. Mdogo wangu wa Louisville akasema, "Bon, dada, muzungu anakuheshimia. Anakuita muzee yake." Nami nikaitika miezi yote hiyo, natabasamu kama mjinga.

Kumbe sivyo. Muhula huu chuoni nimechukua somo la watu wa visiwa vile na ukoloni uliowapitia. Mwalimu wetu ni mama wa Java. Juzi alitueleza kwamba Waholanzi walimwita kila yaya wa Kijava "babu". Bibi yake mwenyewe alikuwa babu. Alilea watoto wa bwana mpaka wakaota ndevu, na hakuna aliyemuuliza jina. Watumishi wa kiume waliitwa "jongos", yaani vijana, hata wenye mvi. Nikamkumbuka baba yako, Mama, Wabelgiji walivyomwita boi mpaka meno yakamtoka. Damu ilinichemka pale darasani.

Kesho yake nilimwambia mzee kwa adabu kwamba naitwa Nyamasaro. Akili zake ni timamu, anasoma gazeti bila miwani. Akajibu kwamba majina yetu ni magumu, na kwao wote walikuwa babu tu.

"Sawa, jongos," nikamwambia.

Uso ulimwiva. Tangu hapo nikawa namwamsha kwa jina hilo, namvika soksi kwa jina hilo, namkabidhi chai kwa jina hilo. Kazi sikuipunguza hata kidogo, asije akapata la kunishtaki. Jumamosi akasalimu amri, akalitamka jina langu polepole. Nikamwambia arudie. Akarudia.

Ndipo nikamuuliza, "Na yule babu aliyekulea wewe, aliitwa nani?"

Hakujua. Akaanza kulia, nami nikakaa namtazama tu. Sikumhurumia, Mama. Nilifurahi, na usinihubirie.

Nisalimie shangazi anayekutekea maji, na mchungaji wetu pia, ila barua hii usimsomee. Kaka wa Buffalo amepata kazi kiwandani na anawasalimu nyote.

Jambo la mwisho. Leo mzee ameniuliza kama kuna namna ya kulipata jina la yule mama aliyemlea. Nimemjibu sijui. Najua vizuri sana: mwalimu wangu kila likizo huenda Java kutafuta majina ya wanawake hao, na hawezi kukataa kumsaidia. Nitamwambia mzee, lakini si wiki hii.

Mimi binti yako,
Nyamasaro