Maisara na Wingu la Wainuiti

Kingstanding,
Birmingham, Uingereza.
16 Februari 2025

Mpendwa mdogo wangu Thuwaiba,

Assalaam alaykum. Hujambo wewe na watoto? Goti limepoa, au bado linakusumbua ukipanda ngazi? Sisi huku wazima, alhamdulillahi, ila baridi imenikausha mikono hata kalamu naishika kwa tabu. Naishika hivyo hivyo, maana habari za Maisara hazitoshi kwenye ujumbe wa sauti.

Unajua mwanangu ni injinia. Nimeshakwambia mara mia. Kaa nikwambie tena. Milka, jirani yangu Mkenya, akiniona kituo cha basi tu ananitania: "Mama Maisara, leo dishi limefika wapi?" Mwache acheke. Dishi limefika Kanada, kaskazini kabisa, kwa watu waitwao Wainuiti. Huko bahari inaganda, Thuwaiba, watu wanapita juu yake na magari. Barabara ya kufika hakuna, ni ndege tu. Na yule mtoto uliyekuwa ukimbeba kwa kanga ndiye kapanda juu ya paa la skuli yao, kafunga dishi linalozungumza na setilaiti zinazopita juu huko, wapate intaneti. Nikiwaza nanyamaza, na unanijua mimi si mtu wa kunyamaza.

Kazi ilikwama, lakini si kwa dishi. Kampuni yake iliwaambia wale watu kwamba sauti za wazee wao, hadithi na picha zao, zote zitawekwa kwenye wingu. Nami nikamuuliza Maisara, "Hilo wingu lipo juu ya nchi ya nani?" Akacheka mpaka akakohoa. Kumbe wingu ni mashine tu, zimo kwenye jumba la kampuni, mbali. Lakini akasema bibi mmoja wa kule, mkuu wa baraza lao, aliuliza vile vile. Basi mimi na mkuu wa baraza akili moja, tofauti yeye alijua anachouliza. Wageni wa zamani waliondoka na picha na hadithi zao; mara hii bibi anataka vitu vyao vikae kwao, na ufunguo washike wenyewe.

Maisara akamwandikia bosi wake kwamba hawashi mtambo mpaka wenyewe waridhie. Bosi akajibu: awashe, au kazi hana. Wiki tatu nikawa nampigia simu kila usiku. Nikamwambia, "Mwanangu, washa tu, kazi hazipatikani."

Akanijibu, "Mama, si wewe uliyenifundisha kupiga hodi na kungoja niambiwe karibu?"

Nikaacha kumsihi, nikamwombea dua.

Baraza nalo likaiandikia kampuni kwamba vitu vyao visipokaa kwao, dishi lishuke. Mwisho kampuni ikakubali, na Maisara kazi yake anayo. Mashine za kuhifadhi zimewekwa pale pale skuli yao, na bibi ndiye aliyewasha mtambo kwa mkono wake.

Jumatano Maisara na bibi wakanipigia simu ya video. Nikamwona yule bibi, theluji dirishani nyuma yake, tukabaki tunatazamana, hatuna lugha. Machozi yakanitoka. Nikachukua simu ya shemeji yako Hafidh nipige picha ile skrini, nikutumie, mtaa wenu wote waone. Maisara akasema, "Mama, muombe kwanza." Nikaomba, akanifasiria. Bibi akatabasamu, akatikisa kichwa. Hapana.

Kwa hiyo hutaona picha humu, mdogo wangu, na mimi nilishanunua bahasha kubwa.

Nisalimie shemeji Amour na kaka Jaffar. Mola awape afya na riziki yenye utulivu.

Dada yako akupendaye,
Sikuzani, mama yake Maisara