Tarlok Singh, Uliyekwenda Kumchukua Mama

Jumamosi, tarehe 7 Februari 2026. Asubuhi hii Maskati imeamka na mawingu mazito na manyunyu, na barabara ya Al Khuwair inateleza.

Baba Inder, mwaka umetimia tangu watu wawili wenye pikipiki wakupige risasi kule Peshawar, mlangoni pa duka la ndugu yako Gurcharan, ulipokuwa unafungua makufuli. Hukuugua. Hukupata ajali. Waliona kilemba cha Kalasinga, wakafyatua. Tunaandika hivi kwa sababu wengi bado wanasema "alifariki", kana kwamba ulilala tu usiamke.

Ulikuwa seremala wa kiwanda huko Rusayl. Penseli uliichomeka kwenye kilemba, kisha ukaitafuta nyumba nzima. Ulipenda chai ya iliki yenye sukari nyingi mno. Ulipiga randa huku ukiimba sala kwa sauti ya chini, na ukikosea ulianza upya, ubao ukisubiri. Nalule, yule dada kutoka Uganda anayefanya kazi ghorofa ya chini, hajasahau komeo ulilomwekea mlangoni kwa ndani. Hukumuuliza analitakia nini.

Ulikwenda Peshawar kumchukua mama yako, aje kukaa nasi Maskati. Kalasinga wenzetu wa mtaa ule walikuwa wakihama mmoja mmoja, kila baada ya msiba. Mama akakataa. "Nikiondoka, nani atakiamsha Kitabu?" Maana Kitabu chetu kitakatifu hufunguliwa alfajiri kwa heshima na kulazwa jioni, na katika hekalu lile dogo amebaki yeye peke yake wa kufanya hivyo. Ukakaa naye, ukimbembeleza. Ulitupigia simu ukicheka: "Mama Inder, mama kanishinda. Nipe wiki nyingine."

Wiki hiyo hawakukupa.

Kwenye matanga, hapa sebuleni, bwana mmoja alisema, "Angenyoa ndevu, akavaa kofia, nani angemjua?" Jirani yetu Zakiya akamgeukia: "We! Na wewe utavua nini ndo uachwe uishi? Bibi yangu kafukuzwa kwao na nguo aliyovaa tu, miye nnayajua haya." Bwana yule hakumaliza chai yake.

Tumechoka, Baba Inder. Askari walimuuliza Gurcharan ulikuwa na ugomvi na nani. Watu wanatuambia kila siku, "Watoeni, wahame." Hatujasikia mtu akiwaambia wauaji wahame. Mama akija, asithubutu mtu kusema amefuata raha. Amefukuzwa kwake, alikozaliwa, alikozaa. Namwomba Mungu anipe moyo wa kusamehe, na sitamdanganya Mungu: bado sijaupata.

Leo baada ya sala tulimpigia mama simu, tukaweka sauti kubwa wote wasikie. Gurcharan amekubali kuhama na wanawe. Mama bado. Mwanao Inderpal akamwambia, "Bibi, njoo na Kitabu chenyewe. Chumba cha juu tumeshakisafisha."

"Na huko nani atakiamsha?" akauliza kwa ukali. "Mama yako? Kazaliwa Kisumu, hajui hata herufi zetu."

Hakujua kwamba tangu uondoke nakwenda darasa la jioni kujifunza herufi hizo, mimi na mvi zangu. Nikamsomea sala ya alfajiri. Nilikwama, akaniacha nikwame, hakunisaidia hata neno. Nilipofika mwisho akasema, "Haya. Niahidi mbele ya watu."

Tuliokuwapo ni sisi tunaokukumbuka: mkeo Surjit, wanao Inderpal na Simran, Zakiya na Nalule, waliokuwa ndugu zako hapa, na kwenye simu, mama yako Harnam Kaur na ndugu yako Gurcharan pamoja na wanawe. Nikasimama, nikakaza mtandio kichwani, nikasema kwa sauti:

"Mama, maadamu napumua, kila alfajiri nitakiamsha Kitabu kwa mikono yangu, na kila alfajiri nitamtaja Tarlok. Hatasahauliwa katika nyumba hii, daima. Njoo."