Udongo wa Mama katika Mfuko wa Kengeja

Madungu, Chake Chake
Pemba
Alhamisi

Kwa Kaka yangu Shaabani,

Waite watu wote wa nyumbani wakae, na mwenye mtoto anayelia amtoe nje. Nina tangazo. Jumatano ya wiki iliyopita, mchana kweupe na mbele ya mashahidi watatu, mimi Athumani, mzaliwa wa milimani, nimekula pweza. Nilianza kumtafuna Jumatano. Nadhani nilimmeza Alhamisi. Ukoo wetu haujapata kufika mbali namna hiyo.

Baada ya hayo, salamu. Hamjambo nyote? Goti la Mama linaendeleaje na baridi ya huko? Mahindi ya bondeni yamesalimika na nguruwe? Mimi mwili mzima, nakula, nalala, na joto nimelizoea kiasi cha kulilalamikia kama mwenyeji. Bwana wetu mpima miamba bado ananiamini, na hilo ndilo lililonishikisha kalamu.

Mpaka hapa msomee Mama kwa sauti. Kuanzia hapa soma kimoyomoyo, na akikuuliza mbona umenyamaza, mwambie mwandiko wangu umeharibika.

Uliniuliza kazi yenyewe ni nini, kwa kuwa huko imeenea habari kwamba tunatafuta dhahabu. Kaka, tunatafuta mchanga. Bwana huyu, Mwingereza mwembamba mwenye shingo nyekundu, huchimba mashimo kisiwani kote, toka Konde mpaka Kengeja, akautia mchanga mifukoni na kuupeleka kwao Ulaya. Humo mna chembe za ulanga, zile zinazometameta kama magamba ya dagaa. Anasema kila chembe ina saa ndani yake, iliyoanza kutembea siku jiwe lake lilipopoa huko chini ya ardhi, na kwao wana mashine ya kuisoma. Mawe ya kila mlima yana umri wake, kwa hiyo ukijua umri wa chembe utajua ilitoka mlima upi, na ukishajua hivyo unaweza kukadiria mvua imeula mlima ule kiasi gani. Saa yangu ya mkononi husimama kila Ijumaa, lakini nilimwamini. Niliazima vitabu vyake, nikavisoma na kamusi pembeni, nikaanza kusema "umri wa miamba" mbele za watu. Kiburi kilianzia hapo.

Unakumbuka asubuhi niliyoondoka, Mama alinifungia udongo wa nyuma ya nyumba, pale migombani, katika kipande cha kanga yake. Alisema nitie kidogo katika maji ya kwanza ya ugenini, tumbo lisije likagombana nayo. Nilifanya hivyo siku ya kwanza, kwa siri, na tumbo halikugombana. Uliobaki ukakaa mkobani miezi yote. Kuutupa sikuthubutu. Kuuonyesha ndiyo kabisa: msoma vitabu vya miamba, na udongo wa mama mkobani!

Sasa, siku moja tulikuwa Kengeja, shimo limefika kifuani, mfuko umejaa nusu. Nachimba na mtu mmoja wa hapo hapo Kengeja, Faki, ambaye mdomo wake huchimba kuliko mikono. Tukakaa kula muhogo wa kuchemsha. Faki akatia mkono mkobani mwangu kutafuta chumvi, akatoka na kile kitambaa.

"Kitu gani hichi?"

"Si kitu."

"Si kitu, na kimefungwa mafundo matatu? Weye ntu wa bara, umekuja kutufanyia nini hapa?"

Yeye alikuwa anacheka. Lakini wanawake wawili waliokuwa wakipita na mizigo ya kuni walisimama, na wao hawakucheka. Kaka, ninyi nyote mlinionya juu ya wachawi wa Pemba. Hakuna aliyewaonya Wapemba juu yangu.

"Nchanga wa Bwana huo," nikasema, kwa lafudhi yao kabisa, ili uongo uonekane wa kienyeji. "Niliuchota kule juu, nikasahau kuutia."

Nikafungua mafundo, nikaumwaga wote ndani ya mfuko, nikaufunga mfuko kwa kamba. Wanawake wakaenda zao. Na kile kitambaa, kwa kuwa nilitaka kionekane tambara tu, nikajifutia mikono.

La mfuko ni kosa la kazi. La kitambaa silijui niliite nini.

Miezi imepita, nami nikawa najisemea kwamba udongo wa ngumi moja hauwezi kumsumbua mtu. Juzi Bwana akatoka ofisini mbio, hana kofia, barua mkononi. Akatandaza ramani juu ya boneti ya gari akatuita. Majibu yamekuja kutoka Ulaya. Katika mchanga wa Kengeja, katika mfuko mmoja tu, zimeonekana chembe zenye umri sawasawa na mawe ya milima yetu.

"Athumani," akasema, kwa Kiswahili chake cha kitabuni, "huu ni mlima wenu. Ulifika hapa kabla yako."

Akachora kwa kidole mto mkubwa wa zamani ulioubeba mlima ukaumwaga huku. Faki akashika kiuno.

"Alaa! Kumbe mie nalima juu ya kwao Athumani! Basi waandikie nduguzo waje wauchukue, lakini wangoje ning'oe mihogo yangu."

Watu wakacheka. Mimi nami nikacheka, kama mtu anayeng'olewa jino mbele ya wakwe. Sikuuliza ni mfuko nambari ngapi, kwa sababu anayeuliza nambari huulizwa sababu.

Jumamosi Bwana anaondoka kwenda kusimama mbele ya wataalamu wenzake na kuwaeleza habari za mto ule. Naye, Kaka, ndiye aliyenifundisha kusoma ramani. Wageni wakija, yeye huniita "mwenzangu", wala hajaniita boi hata siku moja. Na mimi namwachia aende kusimama mbele ya watu wazima juu ya udongo wa migombani kwetu! Mara tatu nimefika mlangoni kwake nimwambie. Mara ya kwanza nikaomba msumari. Ya pili nikauliza kama mvua itanyesha. Ya tatu nikaomba kiberiti, nami sivuti.

Nimeazimia kesho, tukitoka msikitini. Nimekuandikia wewe kwanza ili maneno yazoee kutoka. Nikifukuzwa, mtaniona nyumbani kabla ya mahindi kukomaa, na Mama umwambie kazi imekwisha. Hiyo itakuwa kweli.

Nisalimie shemeji yangu Mwanaidi, mkeo, na umwambie sijasahau maharage yake. Salamu kwa Mjomba Hoza, fundi cherehani, na kwa dada yetu Zaina aliyeolewa Bumbuli, pamoja na wanawe. Mama mwamkie kwa mikono miwili, na usimwambie kwa nini nimesema miwili.

Ni mimi mdogo wako, ninayekuandikia nimeinamisha uso,
Athumani

Ijumaa, saa kumi. Bahasha sikuifunga, kwa kuwa chombo cha Tanga ni kesho. Nimemwambia. Nilimwomba Faki atupishe, akasema yeye hana haraka, akakaa juu ya ndoo. Nikasema yote, mafundo, uongo, mpaka kitambaa. Faki akainuka kwenye ndoo.

"Udongo wa mamako? Si ungesema! Mie mamangu alinifungia hivyo hivyo nilipokwenda Mombasa. Nilikunywa wote."

Kaka, hapo ndipo nilipotamani lile shimo la Kengeja.

Bwana alivua miwani, akaifuta, akaniuliza lilikuwa shimo lipi, siku gani. Nikamtajia. Akachukua daftari lake, akapekua taratibu, akaweka kidole juu ya mstari, akanigeuzia nisome mwenyewe. Mfuko ule haukufika hata bandarini; chembe za milima yetu zilitoka katika mfuko mwingine. Ulilowa na mvua, ukachanika, na mchanga wake akaumwaga nyuma ya choo.