Viti Vyeupe vya Edouard

Manika, Kolwezi
Tarehe 19 Septemba 2024

Mpendwa mdogo wangu Edouard,

Pokea salamu za nyumbani. Natumaini Glodie na watoto hawajambo, na baridi ya huko Liège bado haijawaanza. Sisi tunaendelea kwa neema ya Mungu, ila Mama amevunjika mkono. Akikwambia kwenye simu kwamba ni mzima, usimwamini.

Nimekasirika, Edouard, na leo sitakubembeleza.

Viti vya terasi ulivichagua kwa macho tu. Plastiki nyeupe, nyepesi, na mwavuli mkubwa juu yake. Kwenye picha vilipendeza, sikatai. Lakini umesahau kwamba terasi yetu iko juu ya ghorofa, haina hata mti wa kuikinga, na kwamba Septemba upepo unatuletea vumbi lote la mgodi? Ungeniuliza mimi ninayefagia pale kila asubuhi. Ningekuambia: chuma kizito, mgongo wenye nafasi za kupitisha upepo, na mwavuli ubaki dukani.

Jumamosi mwavuli wako uliruka ukaangukia mihogo aliyoanika jirani yetu Mama Jeanne. Nikaenda kuomba msamaha kwa kosa lako.

Jumapili, tulipotoka misani tukakaa terasi, Mama alitaka kuinuka, akashika mgongo wa kiti kama alivyozoea miaka yote. Upepo ulikuwa umeshakiinua upande mmoja. Wakaanguka pamoja.

Vile vya zamani vingemshika! Baba alivichomelea mwenyewe kila alipotoka kazini, kimoja kwa kila mtoto, na jina letu chini ya kikalio. Wewe ukampigia binamu yetu Gael: "Tupa bile bichuma, binaharibisha terasi." Gael hawezi kumbishia mtu wa Ulaya, akamwita mnunuzi wa vyuma chakavu. Mimi nilikuwa Mutshatsha kununua makaa. Niliporudi, viti vyeupe vilikuwa vimeshapangwa.

Jumatatu nilikwenda kwa yule mnunuzi. Walikuwa wamevikata. Changu nilikitambua kwa herufi tatu zilizobaki, SIM. Cha ndugu yetu marehemu Mukuna sikukiona kabisa. Nililia mbele ya wale wanaume bila aibu.

Kimoja tu kilikuwa kizima. Nilikipindua nikasoma: EDOUARD.

Nikakirudisha, nikidhani angalau Mama atapata pa kuegemea. Amekataa. Anakaa chini kwenye mkeka, mkono umefungwa, na kumwinua ni kazi ya watu wawili. Anasema, "Ile kiti ni ya Edouard. Atakuya kuikala mwenyewe."

Msalimie Glodie, mbusu mwanenu Princesse kwa niaba yangu. Mama mdogo Ntumba anakusalimu. Gael pia, ingawa siku hizi ananikwepa. Mungu akulinde huko uliko, na akupe moyo wa kuuliza kabla ya kuamuru.

Upepo unavuma tangu asubuhi. Kiti chako hakijasogea.

Yaya wako, dada mkubwa anayekufokea kwa kuwa anakupenda,
Simone